“Muwapige tu”: uchambuzi wa jibu moja la Waziri Mkuu bungeni, Juni 20, 2013

Siku ya Bunge yenye kelele nyingi aghalabu haiachi kitu. Jibu la Alhamisi ya Juni 20, 2013 lilitolewa kwa sauti ya kawaida kabisa, karibu ya mazungumzo, na mtu anayejulikana kwa upole. Halikuchukua muda mrefu. Likafika Mahakama Kuu.

Aliyejibu ni Mizengo Pinda, wakati huo Waziri Mkuu wa Tanzania, kazi aliyoishika tangu Februari 2008. Aliyeuliza ni Murtaza Mangungu, Mbunge wa Kilwa Kaskazini, wa chama hicho hicho cha CCM. Swali lilihusu Mtwara: wananchi wanalalamika kwamba vyombo vya dola vinawapiga na kuwaonea, serikali inasemaje? Katika kulijibu, Waziri Mkuu aliwaeleza Watanzania kwamba ukiambiwa usifanye jambo ukakaidi, “utapigwa tu”, na akamalizia kwa maneno mawili ambayo hadi leo ukiyataja mjini mtu anajua unamzungumzia nani: “Muwapige tu.”

Wengi wamelijadili jibu lile kama suala la ukali, kwamba Waziri Mkuu alikuwa mkali mno. Sidhani kwamba ukali ndio ulioharibu mambo. Mawaziri wakuu wakali tumekuwa nao, tena wengine tuliwapenda kwa ukali wao. Kilichotokea siku ile ni kwamba mtu mwenye midomo miwili kwa mujibu wa Katiba alifungua mmoja mahali pa mwingine.

Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu madaraka juu ya udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hata siku wa kazi za Serikali. Huo ni mdomo wa kwanza, wa kuagiza. Ibara hiyo hiyo inamfanya kuwa Kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Huo ni wa pili, wa kutoa hesabu. Kwa mdomo wa kwanza anasema “fanyeni”, na wanaosikia ni makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wakuu wa vyombo. Kwa wa pili anasema “tumefanya” au “hatujafanya, na sababu ni hii”, na wanaosikia ni wabunge, na nyuma ya wabunge wapo waliowatuma. Siku sita za wiki midomo hii haigombani. Alhamisi asubuhi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ndipo inapokaa kiti kimoja.

Swali lilikotoka

Mtwara haikuanza kulalamika siku ile. Desemba 27, 2012 watu waliandamana mjini Mtwara na mabango yenye ujumbe mfupi: gesi haitoki. Serikali ilikuwa imeanza ujenzi wa bomba la kusafirisha gesi asilia kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Mradi wa dola bilioni 1.2 hivi. Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameuzindua Novemba mwaka ule, na uzinduzi ulifanyika Kinyerezi, Dar es Salaam, upande inakokwenda gesi. Nimewahi kujiuliza kama mambo yangekuwa tofauti lau jiwe la msingi lingewekwa Madimba, gesi inakoanzia safari. Pengine yasingekuwa. Lakini watu wa kusini walilisoma lile kama wanavyosoma mengine.

Nao wana mengi ya kusoma. Wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukafa ndani ya miaka minne, ukaacha bandari yenye kina kizuri na reli iliyokuja kung’olewa miaka ya 1960. Wanakumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji ilikuwa ni kungoja kivuko, na mvua zikikolea basi la Dar lilikuwa linakwenda kwa dua. Wanakumbuka korosho, zao lao, ambalo kila msimu lina utaratibu mpya wa malipo na manung’uniko yale yale. Na Wilaya ya Kilwa ilikuwa na kumbukumbu ya peke yake: gesi ya Songo Songo ilishaondoka kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba aliyesimama kuuliza kuhusu Mtwara alikuwa mbunge wa kutoka Kilwa, mkoa jirani wa Lindi. Hilo ni fikra yangu, yeye hakulisema.

Januari 2013 mambo yaliharibika. Masasi majengo na magari yalichomwa moto. Pinda mwenyewe akafunga safari kwenda Mtwara, akakaa na makundi, akasikiliza, akaeleza kwamba mitambo ya kusafisha gesi itajengwa huko huko na kwamba mkoa hautaachwa mikono mitupu. Mji ukatulia. Ikumbukwe safari ile, kwa sababu inatuambia kwamba mtu huyu, juu ya suala hili hili, aliweza kusikiliza.

Utulivu ulidumu mpaka Mei 22, siku ya kusomwa kwa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini chini ya Waziri Sospeter Muhongo. Mtwara ililipuka tena. Nyumba zilichomwa, daraja la Mikindani likaharibiwa, na serikali ikapeleka wanajeshi. Wiki zilizofuata ndizo zilizozaa malalamiko aliyoyabeba Mangungu: kwamba waliokuwa wanatafutwa na wasiotafutwa wote walionja virungu.

Mtwara haikuwa peke yake mezani. Juni 15, siku tano kabla ya jibu, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa kampeni wa Chadema katika viwanja vya Soweto, Arusha, na watu wakafa. Siku chache baadaye polisi walitawanya kwa mabomu ya machozi watu waliokusanyika pale pale. Mwezi Mei bomu lilikuwa limelipuka katika kanisa la Olasiti, huko huko Arusha. Na ilikuwa bado haijatimia hata mwaka tangu mwandishi wa habari Daudi Mwangosi auawe mbele ya polisi katika kijiji cha Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Kwa hiyo mtu akisema “polisi” bungeni Juni ile, neno halikuwa jepesi kwa upande wowote. Wabunge walikuwa na hofu, na serikali nayo, naamini kabisa, ilikuwa na hofu.

Nusu saa ya Alhamisi

Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu yaliletwa na Kanuni za Kudumu za Bunge za mwaka 2007, enzi za Spika Samuel Sitta. Mfano ulichukuliwa Westminster, ambako utaratibu huo una umri tangu 1961. Kwetu ukawa kila Alhamisi wakati wa mkutano wa Bunge, kwa muda usiozidi dakika thelathini. Tofauti na maswali ya kawaida, yanayopelekwa mapema, yakapitia wizarani, yakarudi na jibu lililochapwa, haya Waziri Mkuu hayaoni mpaka mbunge amewasha kipaza sauti.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Mmoja anauliza bei ya pamba. Anayefuata anauliza kwa nini walimu hawajalipwa malimbikizo. Wa tatu ana mgogoro wa mpaka kati ya hifadhi na kijiji. Wa nne analeta Katiba mpya, ambayo mwaka ule rasimu yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwezi huo huo. Kila swali linahitaji takwimu ambazo hana mkononi, na kila mbunge anataka jimbo lake litajwe redioni. Nje ya nusu saa hiyo kuna bajeti ya trilioni 18.2 iliyosomwa wiki moja kabla, bado inajadiliwa. Pinda alikuwa amefanya kazi hii kwa miaka mitano. Mtindo wake ulikuwa wa mzee wa kijiji: anaanza kwa kumshukuru muuliza swali, anakubali kwamba tatizo lipo, anasimulia kidogo, kisha anaomba wavumiliane. Alijiita mtoto wa mkulima na watu wakaliitikia jina hilo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kejeli.

Mtindo huo una faida na una hatari. Faida yake ni kwamba hausikiki kama karatasi. Hatari yake ni kwamba mzee wa kijiji anazungumza na watu wa nyumbani kwake, na nyumbani tunasemeshana maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Maneno yenyewe

Hapa naomba tukae kidogo, maana siku zote jibu hili hunukuliwa kwa maneno mawili ya mwisho tu, na ukilikata namna hiyo huoni lilivyosafiri.

Linaanza na “utapigwa tu”. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anaijua sentensi hii. Mama yuko jikoni, mtoto anachezea moto: “Wewe endelea, utapigwa.” Haijasemwa nani atapiga. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, mtendaji kajificha, na kwa kweli mara nyingi hakuna anayepigwa. Ni onyo. Tena linamlenga “wewe”, mtu wa karibu, mtu ambaye msemaji bado anamwona usoni. Lau Waziri Mkuu angeishia hapo, tungesema ametumia lugha ya nyumbani mahali rasmi, tukacheka, tukasahau.

Hakuishia. Akaeleza kwamba nchi inaendeshwa kwa misingi ya kisheria (nayo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyolifanya jibu liwe na uchungu zaidi), kisha akasema kuhusu mkaidi anayejiona jeuri kuliko wengine kwamba “watakupiga tu”. Mtendaji sasa ametoka mafichoni: ni “wao”. Mkaidi bado ni “wewe”. Msemaji amesimama katikati, anamtabiria mmoja yatakayomfika kutoka kwa wengine. Bado ni onyo, ingawa limeota meno.

Halafu: “Na mimi nasema muwapige tu.” Katika sentensi hii kila mtu amehama kiti. Mwananchi, aliyekuwa “wewe”, sasa ni “wao”, yuko mbali, anazungumziwa bila kuzungumza naye. Polisi, waliokuwa “wao”, sasa ni “ninyi”, wamesogezwa karibu, ndio wanaosemeshwa. Na msemaji, aliyekuwa msimuliaji, amejitaja: na mimi nasema. Mtu yeyote aliyepitia shule ya msingi atakwambia hicho ni kitenzi cha kuagiza.

Sasa tafuta huyo “ninyi” ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma. Huwezi kumpata. Kanuni zinamtaka kila anayezungumza aelekeze maneno yake kwa Spika. Ndiyo maana ya ile “Mheshimiwa Spika” inayorudiwa mpaka inachosha. Kitu pekee ndani ya ukumbi ule chenye umbo la silaha ni Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, nayo imelazwa mezani. “Muwapige” haikuwa jibu kwa Spika wala kwa Mangungu. Ilipita juu ya vichwa vyao, ikatoka mlangoni, ikaenda kwenye vituo vya polisi. Huo ndio mdomo wa kwanza, ukifanya kazi katika kiti cha pili.

Na kuna hilo neno dogo, “tu”. Wanaotufundisha sarufi hulipa mstari mmoja: maana yake ni “peke yake” au “bila zaidi”. Lakini angalia linavyofanya kazi mitaani. Karibu tu. Chukua tu. Pita tu, mlango uko wazi. Hapo “tu” inaondoa masharti. Inasema usiulize, usisubiri, ruhusa ipo. Ukiiweka baada ya “muwapige”, unaondoa masharti kwenye jambo ambalo sheria imelijaza masharti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimruhusu askari anayemkamata mtu kutumia nguvu kuliko inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Kanuni ya Adhabu inataka waliokusanyika kwa fujo watangaziwe kwanza watawanyike, ndipo nguvu ya kiasi itumike kwa watakaokaidi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, na inasema mshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Ukitazama vizuri, sheria yote ya matumizi ya nguvu ni orodha ya masharti. “Tu” iliyafuta yote kwa silabi moja.

Alitoa sababu yake: hakuna namna nyingine, na “tumechoka”. Hapa nakiri kwamba ndipo ninapomhurumia. Ile “tumechoka” ilikuwa ya kweli. Alikwenda Mtwara Januari, akaketi na watu, akadhani yamekwisha. Mei yakarudi na moto. Arusha mabomu. Na kila Alhamisi anasimama pale kujibu kwa niaba ya wizara zisizomwambia yote. Ila katika sentensi ile “tu-” ya uchovu ni nani? Ni serikali. Mbunge alikuwa ameleta habari za watu wa Mtwara waliochoka, akajibiwa kwamba waliochoka ni wengine.

Tumsome kwa wema

Msomaji mwenye subira atasema: alimaanisha wanaokaidi amri halali, wanaofanya fujo, si raia wa kawaida. Ni kweli kwamba sentensi zake za mwanzo ziliwahusu wanaofanya fujo na kukaidi. Na daraja halijibomoi lenyewe. Nyumba zilizochomwa Mtwara zilikuwa za watu.

Tatizo la utetezi huo ni kwamba haujibu alichoulizwa. Mangungu hakuuliza kama waliochoma nyumba wachukuliwe hatua. Aliuliza kuhusu malalamiko kwamba nguvu imevuka mpaka. Swali la namna hiyo lina majibu matatu tu ya kweli: tumechunguza na si kweli; tumechunguza na ni kweli, hatua ni hizi; au hatujachunguza, tutachunguza na kuleta taarifa. Lolote kati ya hayo lingemtosha. La tatu halikuhitaji hata takwimu. Mtu aliyeketi Bungeni muda mrefu angeweza kulitamka usingizini.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Pinda alikuwa mwanasheria. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi serikalini kama mwanasheria, kisha akawa Ikulu kwa miaka mingi, tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Hakuwa mgeni wa tofauti kati ya kukamata na kupiga.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2009, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameshika kasi kanda ya ziwa, alizunguka huko na akatoa kauli iliyoeleweka kwamba wauaji wale nao wauawe. Alipobanwa bungeni Januari 29, ilikuwa pia Alhamisi, alieleza aliyoyaona na kusikia, kisha akalia mbele ya wabunge. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na waliokuwa wanajiandaa kumshambulia walinyamaza. Nadhani yalinyamazisha mapema mno. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza inakuwaje kiongozi wa serikali, akiguswa sana na jambo, anafikia kwanza kwenye mkono na si kwenye sheria. Miaka minne baadaye akaguswa na jambo lingine.

Mahakamani

Agosti 2013 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika walifungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam, dhidi ya Mizengo Pinda na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Waliomba mahakama itamke kwamba maneno yale yalivunja Katiba.

Upande wa serikali haukuhangaika kuyatetea maneno. Uliweka mapingamizi ya awali. Moja lilikuwa Ibara ya 100: uhuru wa mawazo, majadiliano na utaratibu katika Bunge hautahojiwa na chombo chochote wala mahakama wala mahali pengine nje ya Bunge. Ngao hii ni ya lazima. Bila hiyo mbunge wa upinzani asingethubutu kutaja jina la fisadi. Lakini hapa ndipo habari ya midomo miwili inapokuwa zaidi ya lugha. Ibara ya 100 inalinda majadiliano. Waziri Mkuu akibishana na Mangungu, hayo ni majadiliano, na hata akikosea alindwe. Akiwaagiza polisi, anafanya kazi ya Ibara ya 52, ambayo angeweza kuifanya kwa simu akiwa ofisini, na huko asingekuwa na ngao yoyote. Je, amri inageuka kuwa mjadala kwa sababu imetamkwa chini ya paa la Bunge? Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikijua wapo wanasheria wazuri wanaoogopa kwamba ukiifungua ngao hiyo upenyo mdogo, watakaouawa na upenyo huo kwanza ni wapinzani. Hofu hiyo si ya kupuuza.

Pingamizi lingine lilikuwa la nani mwenye haki ya kulalamika. Ibara ya 26 inasema kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu wa sheria, kuchukua hatua kuhakikisha hifadhi ya Katiba. Tangu Jaji Kahwa Lugakingira alipotoa uamuzi katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila mwaka 1994, wanaharakati walizoea kuiona ibara hiyo kama mlango uliofunguliwa wazi. Juni 2014 jopo la majaji watatu likiongozwa na Jaji Kiongozi Fakihi Jundu liliutazama kwa jicho jingine. Walalamikaji walionekana hawana haki ya kisheria ya kufungua shauri lile, likatupwa. Kiini chake, kama “muwapige tu” ilivunja Katiba au la, hakikufikiwa.

Bunge lile lile, mwaka ule ule

Kesi ilipokuwa bado mahakamani, Bunge lilipata swali lile lile kwa sura nyingine, na ningependa visa hivi viwili visomwe pamoja.

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili wa tembo. Ndani ya mwezi mmoja wabunge walianza kusimama na habari za wapiga kura wao kuteswa, kudhalilishwa, mifugo kuuawa. Operesheni ikasitishwa. Safari hii malalamiko hayakuachwa kwenye dakika thelathini za Alhamisi. Yalipewa Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli, ikaenda kwenye maeneo yenyewe, ikahoji watu, ikarudi na ripoti. Desemba 20 ripoti ilisomwa. Wabunge wa pande zote waliwaka, na wapo waliotaka Waziri Mkuu mwenyewe aondoke. Kabla usiku haujaisha Pinda alisimama kutangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa mawaziri wanne: Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo.

Bunge lilikuwa moja, kiongozi ni yule yule, na lalamiko kimsingi ni moja: vyombo vya dola vimepiga watu. Juni lilipata “muwapige tu”, Desemba likaondoa mawaziri wanne. Sidhani Pinda alibadilika moyo kati ya miezi hiyo sita. Kilichobadilika ni kwamba Desemba alijibu ripoti yenye majina ya vijiji, na mdomo wa kutoa hesabu haukuwa na pa kukwepea. Juni alijibu malalamiko ya jumla yaliyobebwa na mtu mmoja ndani ya dakika chache, na Bunge likapita kwenye swali linalofuata. Mbunge angeweza kuhoji kauli ile kwa taratibu za Bunge. Katiba ina hata Ibara ya 53A, ya kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kazi hiyo iliachiwa wanasheria wa nje.

Mlango wa mahakama nao haukubaki ulivyokuwa. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3, iliyogusa sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu muhimu. Kwa marekebisho yale, anayefungua shauri la namna ile alitakiwa aape kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Na shauri linalomhusu Rais, Makamu, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika au Jaji Mkuu lilitakiwa lifunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jina la Pinda lisingeandikwa kwenye jalada.

Hebu mchukue mtu wa Mtwara atake kulifungua chini ya marekebisho yale. Kama alipigwa Mei 2013, alipigwa kabla Waziri Mkuu hajasema neno, kwa hiyo kauli haikumwathiri. Kama alipigwa Julai, itabidi kiapo chake kieleze kwamba askari yule, yeye hasa, mwenye kirungu kile, alikuwa amesikiliza redio Alhamisi ya tarehe 20.